Kona ya Kingereza: Bahati si Luck



Mwezi uliopita tulimaliza habari ya "he" na "she", ambayo inatusumbua sana sisi watu wa Kiswahili, juu sisi tunasema "yeye" tu, akiwa mwanaume, akiwa mwanamke. Mwezi huu nilitaka kuanza wakati uliopita wa verbi. Lakini kijana mmoja wa kwetu alikuja kunipiga hodi na bahasha mkononi, na habari yake imenifanya nigeuze somo. Verbi zitangoja.

Huyu kijana nitamwita Bahati. Si jina lake la kweli, lakini jina lake ni la namna ile ile: neno la kila siku ambalo wazazi walilifanya kuwa jina la mtoto. Alimaliza masomo katika sehemu ya umeme, tena anajua kuendesha motokari. Kampani moja ilitangaza kwamba inatafuta vijana, na kwamba barua ya kuomba kazi iandikwe katika Kingereza. Bahati alikaa usiku mzima na kamusi ya kuazima, akaandika, akatuma. Kiisha majuma matatu dosie yake ikarudi. Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi: jina la barua na jina la diplome hayapatani.

"Mwalimu," akaniambia, "miye niliwaza asema barua ya Kingereza inaomba bintu byote bikuwe mu Kingereza. Njo nikaandika Luck."

Sikucheka. Nilimwomba ruhusa ya kuonyesha barua yake hapa ili wote tujifunze, naye akakubali. Hii hapa, sikugusa kitu:

"dear sir, my name is Luck. i was born in likasi on 12 march. I finished my studies in a school of Kolwezi. I speak french, english and swahili. My Father was a Miner and I am a good Driver. I can repair a Diesel engine. I can start on monday. god bless you."

Angalieni vizuri. Kingereza chake si kibaya. Mtu anaelewa kila kitu, na verbi zimekaa mahali pao. Shida yote iko paka mu majina: pale panapoomba herufi kubwa ameweka ndogo, na pale panapoomba ndogo ameweka kubwa. Halafu lile jina lake mwenyewe alilolitafsiri, ndilo lililorudisha dosie.

Ku masomo, wengi wenu mulijifunza kwa Kifransa "nom commun" na "nom propre". Waingereza wanasema "common noun" na "proper noun". Sisi tuseme jina la wote na jina la pekee. Mtoto anapozaliwa, muzalishaji anasema: "Ni mtoto mwanaume." Neno "mtoto" si lake peke yake, ni la watoto wote wa dunia. Wale wote waliozaliwa usiku ule mu maternité wanaitwa vile vile. Ndilo jina la wote. Siku ya ubatizo padri anauliza wazazi: "Munampa mtoto huyu jina gani?" Jibu lao ni jina la pekee. Kuanzia pale, mtu akiliita mu njia, mtoto mumoja anageuza kichwa. (Ni kweli, wakiwa Kalenga watatu watageuza watatu. Lakini kila mumoja alipewa lake, hakuna aliyelipata kwa sababu tu ni mtoto.)

Kwa hiyo mukisoma sentensi ya Kingereza na mukitaka kutenga majina, muulize hivi: hili ni jina la kila kitu cha namna hii, ao ni jina ambalo kimoja kilipewa kuwa chake? "The boy crossed the river." Kijana gani? Mto gani? Hatujui. "Boy" na "river" ni majina ya wote. "Peter crossed the Lualaba." Sasa tunajua ni nani na ni mto gani. "Peter" na "Lualaba" ni majina ya pekee, na Kingereza kinayaandika kwa herufi kubwa popote yanapokaa, mwanzo wa sentensi, katikati ao mwisho.

Hapa kuna mtego wa kwanza. Wanafunzi wengi wanatafuta herufi kubwa kwa macho, wanasema: yenye kubwa ni ya pekee, basi. Hapana! "Copper is heavy." "Copper" ina herufi kubwa juu inafungua sentensi, si juu ni jina la pekee. Sogezeni kidogo: "This copper is heavy." Herufi inarudi ndogo. Na ile "I", ambayo Bahati aliandika ndogo mara moja, kisha kubwa mara tano, inaandikwa kubwa siku zote, lakini si jina hata kidogo. Ni neno la kushika nafasi ya jina, sawa vile "mimi".

Sasa turudie Bahati. Kwetu majina mengi ni maneno ya kila siku: Furaha, Neema, Mapendo, Tumaini, Riziki, Amani. Neno likiwa la kila siku, linatafsiriwa: "Nina bahati", kwa Kingereza "I have luck" ao "I am lucky". Lakini likiisha kupewa mtu, limekuwa lake. "Bahati is my brother." Hatuandiki "Luck is my brother", maana Mwingereza atafikiri unaimba ao unafanya mezali, hatajua ya kama una ndugu. Waingereza nao wana majina ya namna ile: Grace, Hope, Joy. Mwanamke aitwaye Grace akija hapa Likasi, hatumwite Neema mu papie zake.

Mfano mukubwa kuliko huo tunao katika historia yetu wenyewe. Shaba ni kitu ambacho baba zetu walichimba, jina la wote. Katika miaka ya Mobutu, jimbo letu la Katanga lilipewa jina la Shaba, na jina la Katanga lilirudi mu 1997. Basi katika miaka ile, mtu aliyeandika Kingereza alisema: "There is copper in Shaba." Neno moja la Kiswahili, mara mbili katika wazo moja: la kwanza linatafsiriwa, la pili linabaki. Hakuna aliyeandika "I live in Copper."

Na ile Zaire! Kuanzia 1971 mpaka 1997 inchi iliitwa Zaire, mto mukubwa uliitwa Zaire, na feza iliitwa zaire. Kwa Kingereza inchi na mto vilichukua herufi kubwa, juu inchi ni moja na mto ni mumoja. Lakini feza, "five zaires", herufi ndogo, na tena iliweza kuongezwa "s" ya wingi. Paka vile leo: "ten francs", "two dollars", herufi ndogo. Lakini mukiandika "Congolese francs", "Congolese" inachukua kubwa, na sababu yake inakuja.

Musidhani ya kama jina la pekee halibadiliki kamwe. Majina ya Biblia yana sura yake katika kila lugha: Petro ni "Peter", Yohane ni "John", Yakobo ni "James" ao "Jacob" kufuatana na yule unayemtaja. Inchi pia: Ubelgiji ni "Belgium", Ujerumani ni "Germany". Lakini hayo ni ya kusoma na kusimulia. Kama karatasi yako ya kuzaliwa inasema Jean, wewe ni Jean mpaka mu barua ya Kingereza, usijigeuze John. Wanaosoma dosie yako wanaweka karatasi mbili moja kando ya nyingine, wanaangalia herufi kwa herufi. Jina la masomo yako vilevile: kama diplome inasema "Institut", acha "Institut".

Kosa la pili la Bahati si lake peke yake, ni letu sote tuliosomea Kifransa. Kifransa kinaandika "lundi", "mars", "français" na herufi ndogo. Tumezoea vile tangu pirimere, na mkono unakwenda wenyewe. Kingereza hakitaki. Siku zote saba na miezi yote kumi na miwili ni majina ya pekee: "Monday", "March". Lugha nazo: "French", "English", "Swahili". Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kifransa, maana sisi pia tunaandika Jumatatu, Kiswahili, Kingereza na herufi kubwa. Mukikosa kumbukumbu, muandike sawa vile Kiswahili kinavyofanya.

Tena Kingereza kinapita mbali zaidi. Hata neno lenye kusifu tu, likitoka katika jina la inchi, linabeba herufi kubwa: "a Congolese teacher", "Zambian sugar", "a Chinese lorry". Maneno hayo si majina, yanasifu tu, lakini herufi kubwa ya mzazi imeshuka kwa mtoto. Ndiyo sababu ya "Congolese francs" pale juu. Nao wanafunzi wa sekondere waangalie hili: "I study mathematics, history and French." Masomo mawili ya kwanza yana herufi ndogo, la tatu kubwa, juu ni jina la lugha. Mwalimu mwenye kusahihisha anapenda sana kuweka mtego pale.

Mito na maziwa yana desturi yake. Ziwa lina "Lake" mbele, na "Lake" ile inahesabiwa kuwa kipande cha jina: "Lake Tanganyika", "Lake Mweru", herufi kubwa mbili, pasipo "the". Mto unapenda "the": "the Luapula" ao "the Luapula River". Hii "the" inatusaidia sisi watu wa Kolwezi, maana tangu 2015 Lualaba ni jina la jimbo pia. "I saw the Lualaba", umeona mto. "I live in Lualaba", unakaa mu jimbo. Lakini ukisema tu "a big lake" ao "two rivers", yote ni herufi ndogo, ni ya wote.

Nimefika ku kosa la tatu, na hapo ndipo tulikaa muda mrefu na Bahati. Aliandika "My Father was a Miner", na "Driver", na "Diesel". Nikamuuliza juu ya nini.

"Mwalimu, baba ni mukubwa. Namna gani nitamuandika na herufi kidogo?"

Basi hapo nilinyamaza kwanza. Alikuwa na sababu nzuri, paka kanuni ya Kingereza ndiyo ilimkatalia. Herufi kubwa haipimi heshima. "My father", "a bishop", "the president of the parish council", herufi ndogo, hata kama ni watu wa kuheshimiwa. Sababu ni kwamba "father" ni jina la baba wote. Lakini mtoto akiita baba yake mwenyewe pasipo "my" wala "the", "Father, come and eat", herufi kubwa inakuja, maana pale neno limeshika nafasi ya jina lake. Ndivyo tunavyoandika "Father" mbele ya jina la padri, na "Bishop" mbele ya jina la askofu. Na Mungu: "God bless you", herufi kubwa, juu ni Mmoja. Miungu ya mataifa katika Agano la Kale ni "gods", ndogo. Bahati aliandika "god" ndogo na "Driver" kubwa. Tulipoliona wote wawili tukacheka mwishowe.

Nilimtuliza kwa kumwambia kwamba Waingereza wenyewe, katika miaka ya 1700, waliandika majina mengi ya wote na herufi kubwa, kisha wakaacha. Wajerumani hawakuacha: mpaka leo wanaandika kila jina na herufi kubwa, hata meza, hata kiatu. "Basi miye niliandika Kijerumani," akasema Bahati.

Kisha nikamuuliza: "Kama unataka kumpa baba heshima, jina lake liko wapi mu barua?" Akaangalia karatasi. Halikuwemo. Tena fomu iliyokuja pamoja na barua ilikuwa na mstari wa "Father's name", na pale aliandika "Miner". Akanieleza pole pole ya kama baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na ya kama ku kazi walimwitaka paka na namba yake. Hata rafiki zake wa zamani, wakija nyumbani, wanamtaja kwa ile namba. Jina mama yake analijua. Nilimtuma aende kuuliza namna linavyoandikwa, na kesho yake alirudi nalo kwenye kipande cha karatasi. Mama alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, herufi zote kubwa.

Kuhusu "Diesel", huyu alikuwa mtu kweli. Rudolf Diesel, Mjerumani, ndiye aliyevumbua ile motere, na alikufa mu 1913. Jina lake lilikuwa la pekee. Lakini motere zikawa elfu na elfu, mafuta yake yakauzwa kila mahali, na jina likawa la wote: "diesel", herufi ndogo. Ninyi wa umeme muna wengine wa namna ile: "watt" ni Bwana James Watt, "volt" ni Bwana Alessandro Volta wa Italia, "ampere" ni Bwana Ampère wa Ufaransa. Wote wamekuwa vipimo vya herufi ndogo.

Hata shaba yenyewe imepita njia hiyo. Warumi wa zamani walipata shaba nyingi katika kisiwa cha Kipro, kile kisiwa ambacho Barnaba alitoka, na ambako alihubiri pamoja na Paulo katika Matendo ya Mitume. Kwa jina la kisiwa wakaita ile kitu "cuprum", na kutoka hapo Wafransa wana "cuivre" na Waingereza "copper". Maana yake kila mara tunaposema "copper" tunataja kisiwa bila kujua. Nayo kobalti? Hiyo haikutoka katika jina la mtu wala la mahali. Wachimbaji wa Ujerumani waliita "kobold" pepo mbaya wa mu mashimo, na waliona ya kama jiwe lile liliwadanganya: halikutoa feza waliyotaka, na likipikwa linatoa moshi wa sumu. "Cobalt" basi ni ya wote, herufi ndogo. Lakini kule Canada kuna mji unaoitwa Cobalt, na mji ule unachukua kubwa.

Barua tuliiandika tena pamoja, mezani kwangu, karibu saa mbili nzima. Sitaionyesha yote. Inaanza: "Dear Sir, my name is Bahati", na jina la ukoo sawa vile liko mu diplome. "I was born in Likasi on 12 March." "I speak French, English and Swahili." "My father", herufi ndogo, kisha jina lake, "was a miner." Ile nafasi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, kwa hiyo barua ilikwenda kwa kampani ingine. Jibu bado.

Zoezi la mwezi huu. Chukueni biki, pigeni mstari chini ya majina ya wote, na mistari miwili chini ya majina ya pekee. Wazazi, fanyeni pamoja na watoto, na musiangalie majibu mbele.

1. Grace said grace before the meal.

2. We march to the church every Sunday in March.

3. My aunt bought china plates from a man from China.

4. Rice is cheap in Kasumbalesa.

5. Mark left a mark on the wall.

6. Job lost his job on Friday.

Majibu. Katika 1, "Grace" ya kwanza ni ya pekee. "Grace" ya pili ni ile sala ya chakula, ya wote, pamoja na "meal". Katika 2, "march" ya kwanza si jina, ni verbi, kutembea kwa mstari. "Church" ni ya wote. "Sunday" na "March" ni za pekee. Katika 3, "aunt", "plates" na "man" ni za wote, na "China" ya mwisho ni ya pekee, ni inchi. "China" ndogo ni udongo mzuri wa kufanyia sahani, ya wote, na ilipata jina kutoka ile inchi. Katika 4, "Rice" ni ya wote ingawa ina herufi kubwa, mumeona sababu. "Kasumbalesa" ni ya pekee. Katika 5, "Mark" ni Marko, ya pekee. "Mark" ni alama, na "wall" ni ukuta, zote za wote.

Katika 6, "Job" ni Ayubu wa Biblia ao mtu aliyepewa jina lake, ya pekee; "job" ni kazi, ya wote; "Friday" ni ya pekee. Na mukiisoma kwa sauti, musizitamke sawa: ile ya Ayubu ina "o" ndefu, ile ya kazi ina "o" fupi. Mwenye kutamka zote mbili sawa atamfanya Mwingereza afikiri ya kama kazi ndiyo iliyopoteza kazi.